Umesema Rennes, Tiketi Imetoka Reims: Kutatua Matatizo ya Majina ya Miji ya Kifaransa

Msomaji wa Kiswahili amelelewa na maandishi yanayosema kweli. Ukiona Mkuranga unasoma Mkuranga, ukiona Kisauni unasoma Kisauni, na hakuna herufi iliyowekwa pale kwa ajili ya pambo. Ndiyo maana tukitua Ufaransa au Ubelgiji tunafanya tulichofundishwa darasa la kwanza: tunasoma kila herufi. Hapo ndipo shida inapoanzia, maana mwandiko wa Kifaransa umehifadhi herufi nyingi ambazo midomo ilishaziacha karne nyingi zilizopita.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi kaskazini mwa Ufaransa. Ndugu, marafiki, na marafiki wa marafiki wakija huku, namba yangu ndiyo wanayopewa. Yaliyomo humu nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu aliyepotea hajui chanzo cha tatizo lake. Anajua tu kinachomkuta pale dirishani au stesheni. Tafuta kinachokukuta wewe, uanzie hapo.

UMETAJA MJI, MTU ANAKUTAZAMA TU

Chanzo kikubwa ni kwamba tunapitia Kiingereza. Tumezoea kudhani lugha ya Ulaya tusiyoijua itafanana na ile tunayoijua, basi Nice tunaiita "nais" na Lille tunaiita "laili". Rudi nyumbani kwanza. I yao ni i yetu ya "siri": Nice ni "nis", Lille ni "lil", Paris ni "paghi".

Ndiyo, "paghi". R ya Kifaransa haitoki kwenye ncha ya ulimi, inatoka kooni, na sisi tunayo: ni gh ya ghali, ghafla, lugha na shughuli. Mwingereza hana sauti hii na huihangaikia miaka. Mtoto wa pwani ameondoka nayo madrasa. Kama kwenu husemwa "gorofa" na "luga", basi hiyo ndiyo sauti ya kujizoeza kabla ya safari, na mwalimu wake ni mtu yeyote wa mwambao aliye karibu nawe. R yetu ya kawaida nayo wataielewa. Wasiyoielewa ni ile ya kukunja ulimi kwa Kiingereza.

Na si gh peke yake. Gn ni ny ya nyumba, kwa hiyo Boulogne ni "bulony". Ch ni sh ya shamba, na Chamonix ni "shamoni". Ou ni u tu. Oi ni "wa", basi Poitiers inakuwa "pwatie" na Roissy "ghwasi". Au, eau na eaux zote zinaishia kuwa o, na Bordeaux yote ile ni "boghdo". Zile l mbili zikija baada ya ai au ei hugeuka y: Versailles ni "veghsai", Marseille ni "maghsei". H haisikiki kabisa. Tusiyokuwa nayo ni u yao: weka midomo kana kwamba unapuliza moto wa kuni, kisha useme i. Ikikushinda, endelea na safari yako. Sijaona mtu aliyepotea kwa sababu ya u.

Chanzo cha pili kiko mwishoni mwa neno. Konsonanti ya mwisho mara nyingi imelala: s ya Paris, x ya Bordeaux, s ya Tours, ambayo ni "tugh". Hizo s ni za kale. Paris ilichukua jina la Waparisii, Tours la Waturoni, Rennes la Waredoni, Reims la Waremi, makabila ya Wagali waliokuwapo kabla Warumi hawajafika, na ile s ni alama ya wingi wa Kilatini iliyobaki kwenye karatasi. Katika hayo manne ni Reims peke yake ambayo s yake ingali hai. Sasa shika hili, linasaidia kuliko yote: e ya mwisho haitamkwi, ila huamsha konsonanti iliyo mbele yake. Kwa ajili ya e, t ya Nantes inasikika, d ya Lourdes inasikika, n ya Cannes inasikika.

Chanzo cha tatu ni ulimi wetu kutopenda neno liishie kwa konsonanti, basi tunaongeza i. Wakatoliki wamezoea Bikira Maria wa Lurdi, na jina hilo ni zuri, ni letu kanisani. Lakini hujaji aliyefika Paris akasema "Lurdi", mkazo ukiwa kwenye "lu", atarudishiwa "pardon?" mara tatu. Sema "lughd", silabi moja, ulimi ukifungia kwenye d. Na kwa kuwa hija hiyo mara nyingi hugusa zaidi ya mahali pamoja, andika majina yote kwenye karatasi kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu kila mji una stesheni yake pale Paris. Treni za mchana za Lourdes, alikotokewa Bernadette Soubirous mwaka 1858, huondokea Montparnasse. Za Nevers, alikofia mwaka 1879 na mwili wake uliko hadi leo, huondokea Bercy. Za Lisieux ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu huondokea Saint-Lazare. Ukikosea jina umekosea na stesheni, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ya metro ukiwa na mabegi.

Jambo la mwisho hapa: mkazo. Sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wao mwishoni kabisa. Ukishapata sauti, bado sukuma uzito mwisho wa neno.

WAMEKUELEWA, LAKINI NI MJI MWINGINE

Hii ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu hakuna kati yenu anayejua kuwa kuna kosa.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa Montparnasse, nataka kwenda Rennes, magharibi. Nilishaambiwa kwamba Wafaransa n yao huipeleka puani, nikajitahidi kuipeleka. Mama wa dirishani akatabasamu, akachapa, akanipa tiketi. Nikaisoma nikiwa nimeshakaa kwenye benchi: Paris Est, Reims. Mashariki. Stesheni nyingine, upande mwingine wa jiji, na treni inaondoka baada ya dakika 40. Nikamrudia, nikamwonyesha jina nililokuwa nimeliandika kwa kalamu kiganjani. Akalisoma kwa sauti: "Ghen." Fupi, kavu, n ya nanasi. Kisha akagusa pua yake kwa kidole, akasema jina la ule mji mwingine, na hapo ndipo nilipoisikia tofauti kwa mara ya kwanza.

Alichonionyesha mama yule ni kanuni inayoshikilia karibu jozi zote zinazotupoteza. N ikiandikwa mara mbili, au ikifuatwa na irabu, itamke kama yetu. N au m ikisimama peke yake mbele ya konsonanti nyingine, au mwisho wa neno, usiitamke. Iache ipande puani pamoja na irabu iliyoitangulia. Rennes ina n mbili: "ghen". Reims ina m moja mbele ya s: "ghe" ya puani, kisha s.

Kuipandisha puani si kazi ngumu kwa mtu anayesema ng'ombe. Anza kutamka "ang'" lakini ukate kabla nyuma ya ulimi haijagusa juu. Pua ikitetemeka huku ulimi umelala, umepata.

Pitisha kanuni hiyo kwenye Caen na Cannes. Caen ni mji wa Normandy, kaskazini, n yake moja iko mwishoni: "ka" ya puani, basi, na ile e ya katikati haina kazi. Cannes, ule wa tamasha la filamu, uko pwani ya Mediterania, na ni "kan". Treni za wa kwanza ni Saint-Lazare, za wa pili ni Gare de Lyon, na kati ya miji hiyo miwili ni Ufaransa nzima.

Jozi iliyowapata wengi niliowapokea ni Nancy na Annecy. Nancy iko mashariki na treni zake ni za Gare de l'Est. Annecy iko kwenye milima ya Alps, kando ya ziwa, na unaanzia Gare de Lyon. Nancy ni "na" ya puani kisha "si". Annecy ni "ansi", n kavu. Tatizo linakuja unaposema "naenda Nancy": kile kijineno à, kinachofanya kazi ya "kwenda" au "katika", kikikaa mbele ya Nancy, masikio ya mtu aliyechoka yanasikia Annecy. Wafaransa wenyewe huhakikishiana kwa majina haya mawili, kwa hiyo usione haya kurudia.

Ziko nyingine. Rouen ni Normandy, Roanne ni upande wa Lyon, Royan ni pwani ya Atlantiki. Nantes na Mantes-la-Jolie zinatofautiana herufi moja tu mwanzoni, na zote mbili zina treni zinazotoka Montparnasse, ya kwanza ikienda mbali na ya pili ikiishia karibu.

Dawa haiko kwenye ulimi peke yake. Taja postikodi. Ya Ufaransa ina tarakimu 5, na kwa kawaida 2 za mwanzo ni namba ya département, yaani mkoa mdogo. Rennes ni 35000, Reims 51100. Caen ni 14000, Cannes 06400. Nancy 54000, Annecy 74000. Ukimwambia mtu "Caen, 14" hakuna atakayekupeleka Mediterania. Tena kabla hujalipa, omba akuonyeshe skrini, na usome jina la mji pamoja na la stesheni ya kuondokea.

UNALIANDIKA KWENYE SIMU, HALITOKEI AU YANATOKEA KUMI

Alama za juu ya irabu zisikusumbue. Programu nyingi za ramani na tiketi zitaelewa Besançon hata ukiandika Besancon. Kinachokwamisha kwa kawaida ni vitu vingine.

Cha kwanza ni vijineno Le na La. Mji ni Le Havre, lakini "katika Le Havre" kwa Kifaransa inakuwa "au Havre", na "ya Le Havre" inakuwa "du Havre". Mtu anaona kwenye barua ya mwaliko "université du Havre", anakwenda kutafuta mji unaoitwa Du Havre. Ukiona "du" au "au" ya Kifaransa mbele ya jina la mji, rudisha Le: Le Mans, Le Havre. La haibadiliki hivyo, kwa hiyo La Rochelle utaikuta ilivyo. Na angalia ritifaa: L'Isle-sur-la-Sorgue iko kusini na husikika kama Lille, mji wa kaskazini kabisa.

Cha pili ni watakatifu. St ni Saint, mwanamume. Ste ni Sainte, mwanamke. Na majina hayo huunganishwa kwa vistari mwanzo hadi mwisho. Saint-Denis iko kaskazini tu mwa Paris, penye uwanja wa Stade de France, postikodi 93200. Saint-Denis nyingine ni makao makuu ya kisiwa cha Réunion, bahari yetu hii ya Hindi, 97400. Ukinunua tiketi ya ndege usiku ukiwa umechoka, tofauti hiyo ni ya saa kumi na zaidi angani. Villeneuve nayo maana yake ni mji mpya, na miji yenye jina hilo ni mingi: Villeneuve-d'Ascq iko pembeni ya Lille, Villeneuve-Saint-Georges kusini mwa Paris, Villeneuve-Loubet karibu na Nice. Usikubali anwani yenye neno Villeneuve peke yake. Omba mkia wake.

Katika Paris yenyewe tarakimu 2 za mwisho za postikodi ni namba ya mtaa mkubwa, arrondissement: 75018 ni wa 18. Lyon na Marseille vilevile.

UNATAJA HERUFI MOJA MOJA, ANAANDIKA NYINGINE

Hapa tena tumepita kwa Waingereza. Herufi E kwa Kiingereza inaitwa "ii", na Mfaransa akisikia hivyo anaandika I. Herufi A ukiitaja "ei", ataandika é. G na J ndizo zilizobadilishana kabisa: G yao inasikika karibu na "zhe", J yao "zhi", kwa hiyo ukimtajia G ya Kiingereza anaweka J bila kusita. Jaribu kumtajia Angers namna hiyo uone kitakachoandikwa.

Taja a, i na o kama ulivyofundishwa kwa Kiswahili. Zinalingana na zao. E yetu wataichukua kama é, na hiyo kwa kawaida inatosha kupata mji. Y wanaiita "i grek" na W "duble ve". Kama kuna kelele, toa kalamu. Herufi kubwa, zilizoachana, pamoja na postikodi.

JINA NI SAHIHI, NA BADO UMEFIKA SIPO

Gare de Lyon haipo Lyon. Iko Paris, na imeitwa hivyo kwa kuwa treni zake huelekea huko. Mwenyeji wako wa Lyon akikwambia atakupokea stesheni, muulize kama ni Part-Dieu au Perrache.

Charles de Gaulle – Étoile si uwanja wa ndege. Ni kituo cha metro na RER, treni za jiji na viunga vyake, pale kwenye tao la Arc de Triomphe, katikati ya jiji. Uwanja wa ndege uko nje kabisa, unafikiwa kwa RER B, na wenyeji huuita Roissy. Dereva akikwambia "ghwasi" hajakosea. Mgeni wangu mmoja aliyekuwa anakwenda kupanda ndege ya kurudi Dar alishuka Étoile akiwa na masanduku mawili, akanipigia akiuliza ndege ziko upande gani. Aliiwahi ndege yake, lakini kwa teksi, na kwa pesa aliyokuwa amewawekea watoto zawadi. Bado inaniuma kwamba sikumwambia mapema. Vivyo hivyo Strasbourg – Saint-Denis: ni kituo cha metro ndani ya Paris, hakikupeleki Strasbourg wala Saint-Denis.

Kisha kuna miji ya nje yenye majina ya Kifaransa. Kwenye ubao wa uwanja wa ndege Londres ni London, Le Caire ni Kairo, Le Cap ni Cape Town, Mascate ni Muscat. Vienne ni Vienna ya Austria, lakini pia ni mji mdogo kusini mwa Lyon. Valence ni Valencia ya Hispania, na pia ni mji wa Ufaransa kwenye mto Rhône. Kama ni ndege, tazama zile herufi tatu za kiwanja. Hizo hazina lugha.

KIBAO KIMEBADILIKA NJIANI

Unaendesha gari Ubelgiji, umefuata vibao vya Lille, ghafla Lille imetoweka na mahali pake pameandikwa Rijsel. Hujapotea. Umeingia Flanders, ambako vibao ni vya Kiholanzi, na Rijsel ndiyo Lille. Mons inakuwa Bergen, Liège inakuwa Luik, Tournai inakuwa Doornik. Andika majina yote mawili kabla ya kuwasha gari. Stesheni ya Bruxelles-Midi na ya Brussel-Zuid ni moja, maana midi na zuid zote ni kusini.

Ila Louvain na Louvain-la-Neuve si mji mmoja. Chuo Kikuu cha Louvain kiligawanyika mwaka 1968 kwa sababu ya lugha. Cha Kiholanzi kikabaki mjini kwake, Leuven, 3000, na cha Kifaransa kikajengewa mji mpya, Louvain-la-Neuve, 1348. Wanafunzi wanaotoka Lubumbashi na Bukavu wanalijua hili vizuri. Wanaotoka kwetu mara nyingi hulijua siku ya usajili.

Angalia na x: Bruxelles inasikika s, "brusel", ila Ixelles, kitongoji chake chenye mtaa wa Wakongo wa Matonge, inasikika ks, "iksel".

JINA UNALIJUA TANGU UTOTONI, LAKINI HULITAMBUI

Mtu wa Zanzibar mwenye ndugu Wangazija anakata tiketi ya Komoro, anakuta visiwa vya babu yake havimo. Vimo. Ngazija ni Grande Comore, Nzwani ni Anjouan, Mwali ni Mohéli, Maore ni Mayotte. Mfaransa aliyaandika majina ya miji kwa sikio lake, u akaiandika ou, ndiyo tukapata Mamoudzou na Mitsamiouli. Ondoa o katika kila ou, usome kwa Kiswahili, na jina linarudi kwa wenyewe.

Jozi moja ya huko ina hatari yake. Fomboni ni mji mkuu wa Mwali. Foumbouni uko kusini mwa Ngazija. Kati yao ni bahari, kwa hiyo taja kisiwa kila unapotaja mji.

Na anayekwenda Mamoudzou ajue kwamba ndege inatua kisiwa kidogo cha jirani, Petite-Terre, na tiketi huandikwa Dzaoudzi. Usishtuke kuona jina geni, wala usirudi kuulizia ndege nyingine. Toka nje, ulizia "la bagh-zh", inaandikwa la barge. Ni kivuko, na ng'ambo yake ndiko Mamoudzou.